Ile Mwaka Bitabu Bilitoka Inje

Mama Honorine alikufa kule Kasomeno, kwa kaka yake, na habari ilinifikia mu telefone, saa nilikuwa ninageuza bitumbula mu mafuta. Siku hizi kifo inaingia mu nyumba vile: haipigi hodi, haiikale kwanza ku kiti ikaombe maji ya kunywa, inalia tu mu kikwembe yenye umefunga ku kiuno, na weye uko na mikono yote ya unga. Sikulia. Nilichoka kulia. Tumezika bantu bengi, na macho yangu inatoka machozi kila siku juu ya moshi ya makala, haingojee tena kilio. Nilimaliza kukaanga, nikatosha sufuria ku mbabula, nikaikala mu mulango. Njo pale mwaka ile ilinirudilia, na haikukuya polepole, ilikuya yote kwa mara moja, sawa bageni ya ukoo. Bengine, kama banaandika maisha yabo, banaanza na bujana, na tata yabo alifanya kazi ku mugodi, na nkambo yabo, tata ya tata, alijenga reli. Ile nitaiacha. Huku kwetu kila muntu iko na nkambo ya reli, na hadisi ni ile ile moja. Mwaka yangu miye, yenye ilinigeuza, ilinikuta na mvi tayari, na bajukuu, na goti yenye inajua mvua mbele ya mawingu. Ku masomo nilifika pale balitufundisha kuunganisha maneno, kisha nikatoka, sikurudi. Ninaandika vile ninaongea. Kama ninapotea njia, muningojee kidogo.

Ile wakati nilikuwa ninakaangia bitumbula ku mulango ya bibilioteke ya parokia, nyumba ya bitabu, huku Naviundu, na asubui, mbele ya kuwasha mbabula, nilikuwa ninafagia salle, ile chumba kubwa ya kusomea. Basi ile salle ninaijua na magoti. Ilikuwa ndefu sawa wagon, na madirisha ya chuma yenye haikufunguka yote, na feni yenye mabawa yake ingine ilianguka zamani na hakuna muntu alijua ilienda wapi. Harufu yake ilikuwa ya makaratasi ya zamani na ya petroli, juu Mama Honorine, mwenye alilinda bitabu, alikuwa anapakaa petroli ku miguu ya rafu, muchwa isipande. Bitabu ilikuwa mingi, ya Kifaransa karibu yote. Na biti ilikuwa ya mbao, mizito, nyuma ya kila kiti jina ya parokia na rangi nyeupe. Ile biti ilikuwa na kazi mbili, kila muntu mu quartier, mu mutaa yetu, alijua: siku ya kawaida ni ya kusomea, na siku ya kilio ni ya kilio. Muntu akikufa, mbele hata ya kutafuta turubai ya kufunika parcelle, kiwanja ya nyumba, familia inatuma bantu kwa Mama Honorine kubeba biti. Unafika, unasema nani amekufa, yeye anasimama, anafanya alama ya musalaba, anafungua mulango yote mbili. Bantu benye hawakusoma mule hata ukurasa moja, bote balishaikalia biti ya bibilioteke bakilia mama yabo. Miye pia. Na ilikuwa inauma ku mugongo, ile biti, haikutengenezwa juu ya muntu kuikala bule.

Nyuma ya salle kulikuwa chumba kidogo, njo mule Mama Honorine alilala. Bwana yake alikufa zamani, mutoto hakuzaa, na parokia ilimuachia ile chumba sababu ya kazi. Saa sita tulikuwa tunakula pale, yeye na miye, bukari, ugali yetu ya unga ya mihindi, na sombe ya majani ya muhogo, siku ya bahati samaki ya mikebuka, siku ya kukosa mboga ya lengalenga na chumvi. Alikuwa muntu wa kula polepole. Alikuwa anamaliza kwanza, anasafisha vidole, njo anaongea, na ile siku yenye ninataka kusema alisafisha vidole muda mrefu sana. Akaniambia Papa Évariste amepita kumuona. Papa Évariste alikuwa président ya baraza ya parokia, muzee wa reli, alikuwa anaandikaga tiketi ku guichet kule Sakania mbele ya pansheni, muntu mwenye kuvaa kravati hata siku ya kupanda mihindi. Haikukuwa muntu mubaya. Alisema salle iko tupu, bantu hawaingie, na bandoa, benye banaoana, beko banatafuta salle ya kufanyia sikukuu. Baraza itangojea mvua iishe. Kisha batakuya siku moja kuona na macho yabo. Bakikuta bantu mu salle, bibilioteke inabakia. Bakikuta hakuna, salle itakuwa ya bandoa, na chumba ya nyuma itakuwa ya sufuria ya bandoa. Nikamuuliza, na weye? Akasema kwa kaka yake kule Kasomeno kuko nyumba, lakini ni nyumba ya muke wa kaka yake. Bamama banaelewa ile maneno, sina lazima ya kuongeza.

Na kweli salle ilikuwa tupu. Tuseme kweli tu. Banafunzi balikuwa banaikala inje na telefone, kila moja ameinama sawa kuku yenye inatafuta chawa. Mama Honorine alikuwa anabakasirikia. Miye nilikuwa ninabauzishia bitumbula. Mwenye alibadirisha maneno ni Dido, fundi ya telefone, muntu muzima mwenye bibi na madeni yake, alikuwa na kibanda ng'ambo ya barabara. Dido alikuwa na mudomo. Alikuya siku moja kunywa maji akasema, Mama Honorine, unawinda nyama na mutego wa panya. Bantu beko mu telefone, na weye unabangojea mu rafu. Mama Honorine akamujibu kama telefone ingekuwa na akili, fundi wa telefone angekuwa tajiri. Dido akacheka, akaenda, lakini kisha ya siku kidogo akarudi na kisanduku, nyeusi, ndogo sawa kipande ya sabuni, na taa ya kijani. Akaipandisha juu ya rafu, akaweka sahani ya jua ku mabati na batri chini. Akatueleza: hii inatupa mawimbi sawa radio. Muntu mwenye telefone, akiwa karibu, anabamba ile mawimbi bila kununua mega hata moja, na bitabu inamufungukia mu mukono. Mule ndani, alisema, ni bitabu yenye benyewe baliruhusu kila muntu achukue: masomo ya batoto, maneno ya malaria, ya kupanda mihindi, ya kutengeneza moteri, na hadisi. Mama Honorine aliangalia ile kijani muda mrefu. Kisha akauliza kama muchwa inaweza kuikula.

Kwa benye hawajui kusoma Kifaransa, sawa miye, kulikuwa kitu ya pili. Dido alitengeneza groupe mu telefone, ile ya kutumiana sauti, akaingiza bantu ya quartier karibu bote, na kila alasiri Mama Honorine alikuwa anaikala mu chumba yake, anafunga mulango juu ya makelele ya kuku, na anatusomea. Alikuwa anachukua Kifaransa na macho na kutosha Kiswahili na mudomo. Siku ya kwanza alisoma sawa anatangaza mufu. Kisha sauti yake ilizoea. Nilikuwa ninamusikia mara mbili, mara moja kupitia mulango, na tena kutoka ku telefone yangu ku mbabula, na sijui juu ya nini, ya mu telefone njo ilikuwa inaingia mu roho. Kulikuwa hadisi ya mwanamuke mwenye alivuka muto na mashini ya kushona ku kichwa. Siku ile nilichoma bitumbula, muteja akanunua hivyo hivyo, yeye pia alikuwa anasikiliza. Bamama ya soko bakaanza kutuma maswali. Moja akauliza juu ya mbuzi yenye tumbo inavimba. Ingine akaomba asomewe karatasi ya dawa ya mutoto. Miye, mwenye niliona kila siku bitabu ikifutwa vumbi sawa sahani ya kabati, njo nilielewa pale ile bintu ilikuwa na maneno ndani, na ile maneno ilikuwa inatuhusu. Ukiwa kijana, kuelewa vile inakupa nguvu. Ukiwa muzee, inakuchokesha, juu unaanza kuhesabia myaka yenye ulipita kando yake na fagio.

Sasa musikie mutego. Mawimbi ya kisanduku haikubakia mu salle. Ilikuwa inapita ukuta, inafika barabarani, inafika ku parcelle ya jirani. Basi bantu balikuya, ndiyo, balikuya bengi kupita zamani zote, lakini bote banaikala inje ku ukuta. Banafunzi, bamotari ya pikipiki benye banangojea abiria, bamama na bitoto ku mugongo. Mama Honorine alikuwa anatoka ku mulango kubaita. Banamujibu na heshima, Mama, huku inje kuko upepo. Mumotari moja akamuambia, mama, ndani unatukataza kucheka. Na ilikuwa kweli, alikuwa anakataza. Nilisikia bamama bawili benye balikuwa banangojea bitumbula: moja anasema bibilioteke sasa imekuwa muzuri kabisa, haulazimishwe tena kuingia. Mama Honorine pia alisikia. Alirudi ndani, akafuta meza yenye ilikuwa safi.

Dido aliona hatari mbele yetu. Mvua ilikuwa inaisha, baraza ilishasema siku, itakuwa juma tano asubui. Akamushauri azime kisanduku mbele ya ile siku, bantu balazimike kuingia kuuliza. Mama Honorine alijaribu. Asubui moja alizima. Na kweli baliingia, salle ikajaa, biti ikalia ku simenti, na nilifikiri, eh, imekuwa. Lakini baliingia na ile sura ya bantu ku dispensaire wakati dawa imekwisha. Mwanamuke moja, sikumujua, alisimama mbele ya meza na mutoto wa moto ku mugongo, akaomba tu ile ukurasa ya homa, ile yenye kuko picha ya kijiko, juu jana alisoma nusu. Mama Honorine akapanda ku kiti, akawasha. Salle yote ikatoka kurudi ku ukuta. Dido akashika kichwa. Mama Honorine akamuambia asirudilie tena ile shauri, na saa sita, mbele ya bukari, akaniambia miye kitu yenye hakuambia Dido: alikuwa na woga. Kule Kasomeno, muke wa kaka yake alishaanza kuuliza ataleta sahani ngapi. Pale dawa moja tu ilibakia, kubembeleza bantu. Tukapita parcelle kwa parcelle, miye na goti yangu, kuomba juma tano baingie ndani, saa moja tu, baikale. Balikubali bote. Dido alisema hata bamotari bataingia, na bakasiki yabo ku kichwa.

Juma tano asubui sana nilikuwa ninafagia, na bijana ine bakaingia na kichwa chini. Ile parcelle yenye inagusana na ukuta yetu, mule aliishi Mama Bernadeta, mujane wa mushofere wa treni, na amekufa. Balikuya kubeba biti. Sikuangalia Mama Honorine, niliangalia fagio. Dido alifika bijana beko bado ku mulango, akaelewa mbio, akamuvuta Mama Honorine pembeni, lakini si mbali ya kutosha miye nisisikie.

«Mama, bape nusu. Nusu tu. Saa sita unabapa zote.»

«Bamama beko bamekwisha ikala chini ku vumbi, Dido.»

«Baraza inafika sasa hivi. Mufu ataelewa.»

«Mufu hajui programme ya bakubwa,» akasema. «Bebeni.»

Akafanya alama ya musalaba, akafungua mulango yote mbili. Na bantu bote benye balituahidi kuingia mu salle, balienda wapi? Balienda ku kilio. Utaenda wapi tena? Kwetu jirani akikufa huendi kusoma. Papa Évariste na bakubwa bake balipofika na kravati, balikuta salle, fagio, na miye. Hata kiti ya kubapa haikukuwa. Sauti yabo ilikuwa inarudi ku ukuta. Papa Évariste akaniuliza kama bamehama. Nikamuambia ni kilio. Akatosha kofia, akasema basi twende kwanza kupa mukono, juu hata président hawezi kupita kilio sawa anapita soko.

Mule mu parcelle balimupa kiti yetu. Akatoa pole, akaikala, akaanza kuangalia. Upande wa bamama balikuwa banaimba. Upande wa banaume, kama desturi, balishachoka kuongea siasa, na bengi balikuwa bameinama ku telefone. Papa Évariste akakasirika, akauliza jirani yake kama siku hizi banalilia mufu na michezo ya mpira. Yule, muzee mwenzake wa reli, akamuonyesha: ni bitabu ya bibilioteke, mawimbi inafika mupaka huku. Akamufungulia moja ya lokomotivi ya moshi, na mapicha. Papa Évariste akatosha miwani. Akasoma. Akasoma tena. Akaomba bamuonyeshe vile banageuza ukurasa, na miye, nikiwa ku moto ya kuchemsha supu, nilimuona anacheka peke yake, mu kilio, akifunika mudomo na kofia. Dido akanisukuma na kiwiko. Tulijua tumeshinda. Hata Mama Honorine, mwenye alikuwa anakata lengalenga na bamama, alijua, juu kisu yake ilianza kuenda mbio.

Siku ya mungu, nyuma ya misa, Papa Évariste akasimama kutoa matangazo. Alisema mazuri mengi. Alisema alikuja kuona bibilioteke ya kufa na alikuta bibilioteke inatembea. Alimuita Mama Honorine asimame, bantu bamuone. Alisema zamani muntu alikuwa anatoka kwake kutafuta kitabu, na leo kitabu njo inatoka kutafuta muntu, mupaka ku kilio, mupaka mu mufuko. Bantu bakapiga mikono. Mama Honorine pia alipiga kidogo, juu ya adabu. Kisha Papa Évariste akasema, na sauti ile ile ya furaha, kwa sababu hiyo baraza imeona bibilioteke haina tena lazima ya salle, na salle itapewa bandoa kuanzia mwezi wenye unakuya. Mikono ilikuwa bado inapigwa. Bengine hawakuelewa bado, na benye balielewa hawakujua namna ya kuacha kupiga. Niliangalia Mama Honorine. Mikono yake ilisimama mbele ya kifua, ikabakia pale.

Hakulia mbele yabo. Aliuliza tu, kutoka kule alisimama, na bitabu ya makaratasi? Papa Évariste hakufikiria ile. Akaangalia bakubwa bake, moja akasema inaweza kupewa bamama ya bitumbula, ya kufungia. Bantu bakacheka, na bengine bakanigeukia. Mama Honorine akasema hapana, ataiweka yeye mwenyewe. Na kuanzia kesho yake akaanza kutembea mu quartier. Alikuwa anaingia mu nyumba, anatoa salamu, na badala ya kuangalia bantu anaangalia juu. Alikuwa anatafuta mabati yenye haivuji. Kwa muntu mwenye mabati muzuri anaacha bitabu, na Dido anapiga picha ya kila moja na kuiweka mu groupe: hii iko kwa nani, avenue gani, mwenye anaitaka aende apige hodi. Kisanduku ikaenda ku kibanda ya Dido. Mwalimu moja, muntu wa kusoma sana, alikasirika juu hakupewa hata moja. Nyumba yake ilikuwa sawa kichungio.

Kwangu alifika saa bwana yangu anashona kiatu mu mulango. Akasimama katikati, kichwa juu. Nikamuambia anajua siwezi kusoma Kifaransa. Akanijibu bila kushusha macho:

«Sikukuulizia masomo. Ninauliza mabati.»

Mabati yetu ilikuwa ya mupya ku pembe moja tu, ile pembe ya gunia ya unga. Akanipa ile bitabu mikubwa, mizito, yenye kila muntu alikataa, ya bulimi wa shamba na ya mashini na ya dawa. Unga ikatoka, bitabu ikaingia. Bwana yangu akaendelea kushona kiatu. Wiki ile ile mvua ya mwisho ikanyesha, ile yenye inasahaulika nyuma sawa mugeni mulevi, na unga ikabamba maji. Hatukuwa na franga ya kununua ingine. Tukaikausha inje, tukaichunga, na ikaanza kunuka.

Siku yenye Mama Honorine alienda Kasomeno, alikuja kula kwetu, na masanduku yake ku mulango, juu kamio, lori ya Kasomeno, ilikuwa inapita mchana. Niliona haya ya kumupa ile bukari, lakini hakukuwa ingine. Akachukua, akafinyanga, akachovya mu sombe, akakula polepole vile vile, sawa haisikii harufu. Bwana yangu njo alishindwa kujizuia. Alisema, na heshima, lakini na ile sauti yake ya kuchokoza:

«Mama Honorine, ile bitabu yako yote, inasema nini juu ya unga ya kuoza?»

Akamaliza tonge. Akasafisha vidole. Akasimama, akaenda ku pembe, akatafuta muda mrefu na kidole, akatosha moja ya bulimi, akavaa miwani, akatusomea vile alikuwa anatusomea mu telefone, na sauti ya kutulia: unga ya mihindi iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ku pembe yenye ni kavu kupita zote za nyumba.

Bwana yangu akaanza kucheka, akacheka mupaka akashika tumbo, machozi ikamutoka. Mama Honorine hakucheka. Alirudisha kitabu pale pale, akaisukuma vizuri ilingane na mengine, akarudi kuikala, akakata tonge ingine.

«Basi,» akasema, «tukule mbele ya kamio.»

Tukakula.